Wanamtafuta Mwanasheria wa Nini?

Hotuba kwa wanasheria vijana wanaoomba kazi kwenye kampuni

Mwenyekiti wa kikao, wasomi wenzangu, mabibi na mabwana.

Mwaliko ulinitaka niwaeleze namna ya kufaulu usaili wa kazi ya mwanasheria wa kampuni. Mada hiyo naona mmekwisha kuhubiriwa vya kutosha: fika mapema, vaa nadhifu, pitia tovuti yao, usimkatize msaili. Sina la kuongeza. Ninachotaka tukizungumze ni usaili unaochosha, ule unaozunguka miezi na miezi bila kufika popote, kwa sababu katika fani yetu umekuwa wa kawaida mno na kila anayekumbana nao anadhani ni mkosi wake peke yake. Anarudi nyumbani anajihoji: lile swali la tatu nililijibu ovyo? Nilitaja mshahara mkubwa? Mara nyingi hakukosea popote. Kampuni ndiyo ilikuwa haijaamua inamtafuta mwanasheria wa nini, ikawa inajitafutia jibu kupitia migongo ya waombaji.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Yanayofuata ni ushahidi, na kwa kuwa waliokaa mbele yangu ni wanasheria, nategemea mtaudodosa.

Shahidi wa kwanza ni mimi mwenyewe. Kampuni sitaitaja, wala biashara yake, na wahusika wataonekana kwa vyeo vyao tu. Tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye uzoefu wa mikataba ya biashara, ununuzi na uunganishaji wa kampuni, sheria za kazi, kodi, alama za biashara, ulinzi wa taarifa binafsi, uendeshaji wa mashauri mahakamani na ukatibu wa kampuni. Chini kabisa likamalizia: "na majukumu mengine atakayopangiwa."

Aliyewahi kufanya kazi hii akisoma tangazo kama hilo anajua kwamba hapo pana nafasi tatu au nne zilizobanwa ndani ya mshahara mmoja. Anayeshinda kwenye mikataba ya ugavi hana asubuhi ya kwenda kusubiri kesi itajwe. Katibu wa kampuni naye ana kazi inayojaza wiki: kuandaa vikao vya bodi, kuandika mihutasari, kutunza daftari la wanahisa, kupeleka taarifa kwa msajili kabla ya tarehe kupita. Lile tangazo lilikuwa limeandikwa na watu kadhaa, na hakuna aliyethubutu kufuta mstari wa mwenzake. Niliona. Niliomba hivyo hivyo, kama ambavyo ninyi mngeomba.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya simu, na ofisa wa rasilimali watu. Mtu mpole, mwenye adabu zake. Hatukumaliza hata salamu vizuri akaniuliza: "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?" Nikamwuliza nafasi imetengewa kiasi gani. Akasema hilo litazungumzwa mbele ya safari, ila fomu yake haimruhusu kunipeleka hatua inayofuata bila kile kisanduku kujazwa.

Niseme kidogo juu ya swali hilo kwa sababu mtakutana nalo. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika 2018, inayomkataza mwajiri kumwuliza mwombaji historia ya mshahara wake kabla ya kumpa ofa yenye malipo ndani yake. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka 2023 kuhusu uwazi wa malipo, ulizipa nchi wanachama hadi tarehe 7 Juni 2026 kuingiza kanuni hiyo kwenye sheria zao, pamoja na wajibu wa mwajiri kumweleza mwombaji mshahara wa kuanzia, au kiwango chake cha chini na cha juu, mapema kiasi cha kumwezesha kujadiliana akiwa na taarifa. Sababu ni nyepesi kueleweka: aliyepunjwa kazi ya kwanza, ukimpangia mshahara wa pili kwa kuangalia wa kwanza, unahamisha dhuluma kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine. Mahali ambapo swali hilo bado ni halali, taja unachotaka kulipwa. Unacholipwa sasa ni siri kati yako na mwajiri wako, na mwanasheria anayetoa siri ya mwajiri wake kwenye simu ya kwanza amejipunguzia alama kabla ya kuanza.

Tukaendelea. Baada ya simu vikafuata vikao, na hapa ndipo mambo yaliponoga.

Mkuu wa mauzo alinipokea kwa malalamiko. Mikataba yake inakwenda kwa mawakili wa nje, inakaa huko hadi mteja anapoa. Alitaka mtu atakayeusoma mkataba asubuhi na kuurudisha jioni ukiwa umepigwa muhuri. Mkurugenzi wa fedha yeye alikuwa na ankara za mawakili hao hao mezani, akaniuliza kama ninaweza kusimama mahakamani mwenyewe, maana kila mara wakili wa nje akienda kuomba tarehe nyingine anamtumia hesabu. Meneja wa rasilimali watu alitaka mtu wa kuandika kanuni za nidhamu na kusimamia upunguzaji wa wafanyakazi uliokuwa unanukia. Mkurugenzi mtendaji alitaka mtu wa kuingia naye kwenye vikao vya bodi. "Nataka mtu wangu," alisema, akiwa ameweka mkono kifuani.

Kila mmoja wao alianza na "tueleze habari zako", na hakuna aliyeonekana kusoma alichoandika mwenzake. Nami kila mmoja nilimwuliza swali moja: mwanasheria huyu atawajibika kwa nani? Mkuu wa mauzo akasema, kwangu. Mkurugenzi wa fedha akasema, kwangu, kwa sababu bajeti iko kwangu. Mkurugenzi mtendaji akasema, kwangu, nani mwingine? Meneja wa rasilimali watu, ambaye ndiye mwenye chati ya muundo wa kampuni, akaniambia muundo bado unafanyiwa kazi.

Naona mnacheka. Lakini msichukulie kwamba hilo ni suala la itifaki ya ofisini. Kwa mwanasheria aliyeajiriwa, swali la "kwa nani" ndilo linalobeba taaluma yake yote. Tangu shauri la Salomon, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1897, ambalo sidhani kama kuna mtu humu hakulikariri, kampuni ni mtu mwingine mbali na waliomo ndani yake. Mteja wako ni huyo mtu asiyeonekana. Mkurugenzi mtendaji si mteja wako, hata kama ndiye aliyekutafutia kiti. Kanuni za maadili za Chama cha Mawakili cha Marekani zinalisema hilo waziwazi: wakili wa taasisi anaiwakilisha taasisi kupitia watu wake waliopewa mamlaka. Kwa hiyo bosi anapokuambia anataka "mtu wangu", huenda anazungumza kwa mapenzi tu, na huenda anakupa maelezo ya kazi ambayo huwezi kuifanya kihalali.

Mnakumbuka Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001. Miongoni mwa yaliyoulizwa baada ya moshi kutulia ni kwamba wanasheria walikuwa wapi. Bunge la Marekani likaweka kifungu cha 307 kwenye Sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, na kanuni zilizotungwa chini yake zinamtaka mwanasheria wa kampuni inayouza hisa kwa umma, akiona ushahidi wa uvunjaji mkubwa wa sheria, atoe taarifa kwa mwanasheria mkuu wa kampuni, au kwake pamoja na mkurugenzi mtendaji; asipopata jibu la maana, apande hadi kamati ya ukaguzi ya bodi au bodi yenyewe. Sasa niambieni, mwanasheria anayewajibika kwa mkuu wa mauzo atapandaje ngazi hiyo? Atamruka nani, na kesho yake tathmini yake ya utendaji itajazwa na nani?

Ulaya walilitazama jambo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 2010, katika shauri la Akzo Nobel dhidi ya Kamisheni ya Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa kuyapa mawasiliano ya mwanasheria aliyeajiriwa ulinzi wa usiri ambao mawasiliano na wakili wa nje yanaupata katika uchunguzi wa masuala ya ushindani wa biashara. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyeajiriwa, hata akiwa mwanachama kamili wa chama cha mawakili, anamtegemea mwajiri wake kiuchumi na hana uhuru ule ule wa wakili wa nje. Unaweza kuipinga hukumu hiyo, na wengi wameipinga. Mimi huitaja ili kuonyesha kwamba hata mahakama zinaangalia mstari unaokuunganisha na bosi wako. Iweje wewe usiuulizie?

Sasa nije kwenye zoezi la kuandika.

Ijumaa jioni nilitumiwa mkataba mrefu wa ugavi. Maelekezo: usome, onyesha hatari zote, pendekeza maneno mbadala kwa kila kifungu chenye kasoro, kisha andika muhtasari wa kupelekwa kwa bodi. Majibu yafike Jumatatu. Majina ya wahusika na bei yalikuwa yamefunikwa kwa mistari myeusi, kwa hiyo kwa macho ilionekana kama hati iliyoandaliwa kwa uangalifu.

Waliowahi kushika nyaraka za kesi wanajua ninakoelekea. Mstari mweusi ukichorwa juu ya maandishi kwenye faili ya PDF haufuti maandishi. Herufi zimelala chini yake vile vile. Sikuwa hata nazitafuta. Nilinakili kifungu cha ukomo wa dhima, yaani kile kinachoweka kikomo cha fidia inayoweza kudaiwa, ili nikifanyie kazi kwenye ukurasa wangu, nikakibandika, na jina la mgavi likatokea zima, na bei ikalifuata. Nikatazama tarehe ya kuanza kutumika kwa mkataba. Ilikuwa bado haijafika.

Haukuwa mkataba wa zamani uliotolewa kabatini. Ulikuwa mkataba hai, uliokuwa bado unajadiliwa, na walikuwa wameusambaza kwa waombaji kazi wasiowafahamu. Na ndani ya mkataba huo huo, kurasa chache mbele, palikuwa na kifungu cha usiri kilichokataza masharti yake kuonyeshwa kwa yeyote asiyekuwa mfanyakazi au mshauri anayeyahitaji kwa kazi. Mimi sikuwa mfanyakazi wala mshauri. Nilikuwa mtu mwenye wasifu na matumaini.

Fikirini kidogo. Tuseme mmoja wa wasailiwa wenzangu anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili inayomwakilisha mgavi yule. Amefungua barua pepe nyumbani kwake, na hapo hapo ameiona bei iliyo kwenye karatasi za upande wa pili. Akikaa kimya ana matatizo na mteja wake. Akisema ana matatizo na kampuni iliyomwamini. Hakuomba kuingizwa humo. Na zaidi: maoni niliyokuwa naombwa ni ushauri wa kisheria wa kweli juu ya muamala wa kweli, bila barua ya kukabidhiwa kazi, bila malipo, bila bima ya dhima ya kitaaluma. Kama wangeufuata na ukawaletea hasara, ningekuwa nani kwao?

Niliufunga, nikaandika hivi, na naisoma kama ilivyokwenda: "Hati mliyonitumia haijafichwa ipasavyo. Jina la mhusika wa pili na bei vinasomeka. Nashauri muwaombe wasailiwa wote waifute, mtumie mkataba wa kubuni, na mawakili wenu wa nje waangalie kama mnawajibika kumjulisha mhusika wa pili. Nakala yangu nimeifuta." Nikaambatanisha ukurasa mmoja wa kueleza hatari ninazozitafuta kwenye mkataba wowote wa ugavi, bila kugusa wa kwao. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa ushauri bora zaidi ambao kampuni ile iliupata mwezi ule, na iliupata bure.

Jibu lilikuja Jumatatu. "Asante kwa maoni yako. Tafadhali wasilisha majibu ya zoezi kabla ya saa sita mchana."

Sina ugomvi na mazoezi ya kuandika. Kazi yetu ni kuandika, na mtu anaweza kuongea kama kasuku akashindwa kurekebisha kifungu cha fidia. Lakini zoezi la haki ni fupi, ni la kubuni, lina muda unaojulikana, na wanaosailiwa wote wanapewa lile lile. Likiwa linahitaji wikendi nzima, mna haki ya kuuliza litatumika kwa nini na nani atalisoma. Wanaojiheshimu hujibu. Na likiwa limebeba jina la mtu halisi, funga faili, uwaambie.

Baada ya hapo niliitwa mbele ya jopo zima. Swali la kwanza lilitoka kwa mkuu wa mauzo. "Tumesikia wewe ni mtu wa tahadhari sana." Nikasema tahadhari ndiyo mnayoilipia. Mkurugenzi wa fedha akauliza nitasema "hapana" mara ngapi kwa mwezi. Nikamjibu kwamba mara chache, ila hizo chache zitakuwa kwa maandishi. Akacheka. Mkurugenzi mtendaji hakucheka, akaandika kitu pembeni ya wasifu wangu.

Hayo ya pembeni nayo yana sheria yake, nawapeni kwa haraka. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la bwana mmoja wa Ireland, Nowak, aliyekuwa ameshindwa mtihani wa uhasibu na kunyimwa karatasi yake. Mahakama ilisema majibu ya mtahiniwa, pamoja na maoni ya msahihishaji, ni taarifa binafsi za mtahiniwa. Ni vigumu kuona kwa nini kanuni hiyo isiyafikie maandishi ya msaili kuhusu msailiwa, na nchi nyingi sasa zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinazompa mtu haki ya kuomba kinachotunzwa juu yake. Siwashauri mkimbilie kuomba. Ukiomba kabla ya uamuzi umejitangazia vita. Ila mjue haki ipo, na mkija kukaa upande wa pili wa meza, andikeni pembeni mnachoweza kukisimamia mbele ya mtu.

Kisha kimya. Si barua, si simu. Nilipoulizia niliambiwa mchakato unaendelea. Nilipoulizia tena, yule ofisa mpole alikuwa ameacha kazi. Halafu siku moja nikaliona tangazo lao jipya. Nafasi sasa iliitwa "Ofisa Mikataba", na mstari wa mwisho ulisema atawajibika kwa mkuu wa mauzo.

Nililisoma kwa utulivu kabisa, kwa sababu hatimaye kila kitu kilieleweka. Kile nilichokuwa nakiita usaili kilikuwa mashindano ya wakubwa wanne juu ya kiti kimoja, na mkuu wa mauzo alikuwa ameshinda. Waombaji tulikuwa uwanja waliochezea.

Je, hilo ni la kampuni moja tu? Waulizeni waliokaa kushoto na kulia kwenu. Na nadhani chanzo chake kimoja ni imani kubwa waliyo nayo wakubwa kwamba "nikimwona mtu nitamjua". Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwajaribu wasaili kwa namna ya kufurahisha: baadhi ya wasailiwa walipewa siri ya kujibu maswali kwa kanuni ya kubahatisha, jibu lisihusiane na ukweli wao. Wasaili hawakugundua, na bado walijiona wamemfahamu mtu waliyeongea naye. Walipotabiri alama zake za masomo, waliokaa naye kwenye usaili walikosea zaidi kuliko kama wangeangalia alama za nyuma peke yake. Kinachosaidia, na uchambuzi mkubwa wa tafiti wa mwaka 2022 uliupa nafasi ya juu kabisa, ni usaili wenye mpangilio: maswali yale yale kwa kila mtu, yatokanayo na kazi yenyewe, na kipimo cha alama kilichoandikwa kabla ya mtu wa kwanza kuingia mlangoni. Google walipochambua takwimu zao za ajira waliona kwamba wasaili wanne walitosha kufikia uhakika wa asilimia 86. Kila aliyeongezwa baada ya hapo aliongeza kama asilimia moja tu. Kikao cha saba hakimfanyi mkubwa ajue zaidi. Kinaahirisha tu siku ya yeye kuamua.

Lakini tazameni: huwezi kuandika maswali yanayotokana na kazi kama hujui kazi ni ipi. Ndiyo maana ninarudi pale pale. Wasailini waajiri nanyi, tena mapema. Ulizeni kwa nini nafasi iko wazi, na aliyekuwepo alikwenda wapi. Kama walipita wawili kwa muda mfupi, ulizeni kwa upole zaidi na msikilize kwa makini zaidi. Ulizeni suala gani la kisheria liliwanyima usingizi mwaka jana na nani alilishughulikia. Ulizeni mwanasheria anaingia kwenye vikao vya bodi au anasomewa maazimio baadaye. Ulizeni nani atasaini barua ya ajira, kwa sababu anayesaini ndiye anayeamua, na kama hujakutana naye bado hujasailiwa. Mkipata majibu tofauti kutoka kwa watu tofauti, mmeshapata jibu.

Kuna jambo moja nasisitiza hadi nionekane mkorofi. Sisi tunaosomea watu mikataba ndio wazembe wakubwa wa mikataba yetu. Tangazo la kazi ni mwaliko tu, halimfungi mtu. Kauli ya "tumekupenda, jiandae" kwenye simu, msijenge nyumba juu yake. Barua yenye masharti, mathalani kwamba ajira itategemea wadhamini kutoa taarifa ya kuridhisha, haijakamilika hadi masharti yatimie. Na hata ile isiyo na masharti: kwa sheria ya Uingereza, ukiikubali kisha mwajiri akageuka, amevunja mkataba, ila fidia yako kwa kawaida haivuki mshahara wa kipindi cha notisi. Yaani umeacha kazi yenye miaka yako ndani, unalipwa mwezi mmoja na pole. Barua ya kuacha kazi huandikwa baada ya kuishika ile nyingine mkononi, imesainiwa, na masharti yake yametimia.

Neno fupi kwa wenzangu mliokwisha kukaa kwenye majopo, nimewaona pale nyuma. Mtu aliyekosa, mwambieni amekosa. Jimbo la Ontario nchini Kanada limeona aibu ya jambo hili imezidi hadi likalitungia sheria: kuanzia tarehe 1 Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 na zaidi aliyetangaza kazi hadharani anatakiwa kumjulisha kila aliyefanyiwa usaili, ndani ya siku 45 tangu usaili wake wa mwisho, kama uamuzi wa ajira umefanyika. Tangazo pia linatakiwa kusema kama nafasi ipo kweli. Hebu fikirini ilivyofika: watu wazima wanahitaji kifungu cha sheria ili wajibu barua. Na sisi, ambao kazi yetu ni kuwakumbusha wengine tarehe za mwisho, tusiwe wa kulazimishwa.

Najua mtaniuliza: na mtu ambaye hana kazi kabisa, kodi inamsubiri, naye awaulize wakubwa maswali yote haya? Ndiyo, aulize, ila kwa kipimo chake. Anaweza kuipokea kazi hata baada ya kuona kasoro zote nilizozitaja. Hakuna wa kumlaumu. Atakachokuwa amepata ni kuingia akijua anamwendea nani, na siku ya kwanza anaweza kuomba mstari wake wa uwajibikaji uandikwe kwenye maelezo ya kazi, jambo ambalo ni rahisi kulipata kabla ya kusaini na gumu sana baada ya mwaka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitapokea maswali, na kama hamtajali tuanze na wale wenye usaili wiki hii. Kama mmekuja na tangazo la kazi yenyewe, leteni hapa mbele tulisome pamoja.